Niling'oa Mnavu wa Mama Yangu Nikasema ni Utani

Mimi ni mwanamke mbaya. Naanza na hilo mapema ili mtu asisome nusu akaanza kunionea huruma. Huruma yenu siitaki, jamani, sistahili!

Nakaa Msamala, hapa Songea. Nauza dagaa wa Nyasa sokoni, nina mume na watoto, na mpaka mwaka jana nilikuwa na mama. Nilimtoa kijijini Madaba miguu yake ilipoanza kuvimba, nikamleta kwangu. Nilijisifu kwa hilo! Hakuna mteja aliyenunua dagaa kwangu asijue kwamba mama yetu nakaa naye mimi, siyo dada zangu.

Jirani yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, Mhehe wa Iringa, alihamishiwa huku akiwa na mtoto mchanga. Nitamwita Mama Tumaini, si jina lake. Mimi Mngoni, yeye Mhehe, kwa hiyo ni watani, na utani wetu mnaujua. Mimi namwita mla mbwa, yeye ananiita mla panya. Naingia jikoni kwake, nafunua sufuria, nachota, naondoka, na yeye haruhusiwi kununa. Akinuna, namtoza faini. Ndiyo mila yetu, na ni mila nzuri. Ubaya niliuweka mimi.

Kiangazi kile kilikuwa cha adhabu. Kufika Agosti vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye kopo la chumvi, maji ya bomba ya mgao, na yakija yanakuja na kutu. Nilikuwa na matuta ya matembele nyuma ya nyumba. Mwanzoni nilimwagilia vizuri, baadaye nikawa namwagilia nikikumbuka, tena saa saba ya mchana jua likiwa utosini. Mama akaniambia, "Mwanangu, hiyo mboga unaipika ikiwa bado shambani." Nikamjibu kwamba kama anaweza aje amwagilie yeye. Matembele yakafa, nikasema kiangazi cha mwaka huu hakifai kwa bustani.

Kumbe upande wa pili wa ua wa michongoma kulikuwa kunafaa! Mama Tumaini alikuwa anaamka alfajiri kabla ya shule, mtoto mgongoni, mkononi kopo la rangi alilolitoboa matundu. Jioni tena. Maji ya kuoshea mchele, bustanini. Maji ya kuoshea vyombo anayaacha yatulie kwenye beseni, bustanini. Matuta kayafunika nyasi kavu, miche kaikinga jua kwa majani ya mgomba, wadudu anawarushia majivu. Mtaa wote umekauka, kwake chainizi, nyanya, hoho! Wapita njia wanasimama kuangalia. Mume wangu naye akafungua mdomo, eti, "Si uende ukajifunze kwa mwenzio?" Nilimchukia yule mama kuanzia siku hiyo.

Wakati huo mama alikuwa hali. Ugali anauzungusha mdomoni, dagaa anasema wanamkwaruza koo, supu anageuza uso. Jioni moja akapita kwenye upenyo wa michongoma na fimbo yake, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawa anamwangalia Mama Tumaini akimwagilia.

"Shikamoo, bibi mla panya."

"Marahaba, mla mbwa. Bustani kubwa hivi, mnavu huna?"

Hakuwa nao. Akautafutia mbegu, akamlimia mama tuta lake peke yake. Hata siku ambazo maji yalikuwa ya kugombania, tuta la bibi lilikunywa kwanza. Mnavu ulipokua akamchumia, akamwungia karanga, akamletea na ugali laini. Mama akala! Akaomba na mwingine!

Mwenye akili angepiga vigelegele. Mimi nilinuna.

Kila jioni ikawa hivyo. Mama anavuka kwenda kukaa kwenye ndoo yake, anamwelekeza, kata hapa, acha pale, na wanacheka mpaka nawasikia jikoni. Kwangu akirudi amechoka, anataka kulala. Mama yangu mzazi, kwangu hana hadithi, hadithi zote anazimalizia kwa Mhehe! Iliniuma, sitaki kudanganya.

Jumapili moja jumuiya ya kanisa ilisali kwetu. Baada ya sala, mwanamke mmoja akamwambia mama, "Bibi, umenenepa, binti anakutunza." Mama akacheka, akamnyooshea kidole Mama Tumaini. "Anayenitunza ni huyu Mhehe wangu. Binti yangu yuko na dagaa wake."

Watu waliangua kicheko. Na mimi nilicheka, tena kwa sauti. Ndani nilikuwa nachemka.

Kesho yake sikwenda sokoni mapema. Mama Tumaini yuko shuleni, mama amelala. Nikavuka upenyo, nikaenda moja kwa moja kwenye tuta la mnavu. Mtani anaruhusiwa kuchuma, sikatai. Mimi sikuchuma, niling'oa! Mche mmoja baada ya mwingine, na mizizi yake, nikaitandaza juani. Nilijua ni mboga ya nani. Nawaambia nilijua! Nilikuwa nasema kwa mdomo kabisa, "Kula sasa. Kula sasa, mama."

Mama Tumaini aliporudi, nikamsubiri kwenye upenyo, mikono kiunoni. "Mtani, mnavu wako nimeuanika! Usinune, ukinuna faini!"

Akaiangalia ile miche iliyonyauka. Akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Haya, mla panya umeniweza," akasema. Akafunga mtoto mgongoni, akachukua jembe, akapanda upya. Bomba lilikuwa halitoi siku hiyo. Alikwenda na ndoo mpaka mtoni, akarudi jua likizama, shingo imeingia ndani kwa uzito. Mimi nimekaa mlangoni nachambua dagaa, namwangalia.

Mnavu ukaota tena. Nikaona kung'oa hakutoshi.

Miguu ya mama ilikuwa imezidi kuvimba, kuvuka akawa hawezi. Nafasi ndiyo hiyo! Mama Tumaini akaja na sahani imefunikwa kwa kawa. Nikamsimamisha mlangoni, nikashusha sauti kama mtu mwenye aibu. "Mama Tumaini, samahani. Mama amesema usimletee tena mboga. Amesikia unamwagilia maji ya kuoshea nepi. Ana kinyaa, mzee, usimchukulie vibaya."

Uso ulimshuka. "Bibi kasema hivyo?"

"Wazee, mtani! Tuwavumilie tu."

Akageuka na sahani yake. Mimi nikaingia ndani kwa mama, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamshika mkono. Sikilizeni unyama huu! Nikamshika mkono, nikamwambia, "Mama, yule Mhehe wako amekuchoka. Ameniambia ana mtoto wa kulea, hawezi kulea na bibi wa watu."

Mama aliutoa mkono wake mkononi mwangu. Kisha akasema, "Basi mwacheni. Nilimzoea vibaya."

Mngefikiri nilifurahi. Nilifurahi kweli! Nikampikia mnavu wa sokoni, kwa karanga, kwa nazi, nikamlisha kwa mkono wangu. Akaonja, akasukuma sahani taratibu. Nikamwambia ana madeko.

Jioni Mama Tumaini alipokuwa anamwagilia, alikuwa anapaza sauti kupitia michongoma. "Shikamoo, bibi!" Utani ameuacha, salamu tu, ya woga. Dirisha la mama liko palepale. Mama anasikia, ananiangalia mimi.

"Anasalimia ili majirani wasikie, mama. Mnafiki huyo."

Mama akageukia ukutani. Huku ndani kimya, kule nje kimya. Kila mmoja akawa anaamini mwenzake kamkataa, na mimi katikati nimekaa na ungo wangu. Ikawa hivyo jioni nyingi. Siku ya mwisho niliyosikia salamu ile, mama aliuvuta mto akaziba sikio. Hata hapo moyo haukunishtuka, jamani! Nilikuwa mtu gani mimi?

Dada yangu mkubwa, Gaudensia, alikuja kutoka Namtumbo kumuuguza wiki ya mwisho. Mama alifariki mikononi mwake, mvua haijanyesha bado. Mimi nilikuwa sokoni.

Msiba ukawekwa kwangu kabla ya kusafirisha mwili Madaba. Watani wakaja, kama inavyotakiwa. Na Mama Tumaini akaja! Amevaa sketi nje ndani, amejipaka majivu, ameomba kitenge cha mama kwa wanawake wa ndani amejifunga, fimbo ya mama mkononi. Akatembea mwendo wa mama, ule wa kuburuta mguu wa kushoto, mpaka wafiwa wakacheka huku machozi yanatoka.

"Poleni, wala panya, mmepungua! Panya wa Songea leo wanachinja ng'ombe!"

Watu hoi. Mkononi ana fungu la mnavu. Akasogea kwenye jeneza, akaligonga kwa kidole.

"Bibi, shikamoo. Hujibu? Hata ulipokuwa mzima ulikuwa hunijibu! Ulisema mboga zangu zinanuka maji ya nepi. Haya, nimekuletea, leo kimbia tuone!"

Watu wakacheka tena. Dada Gaudensia hakucheka. Alinyanyuka kwenye mkeka, kanga imemdondoka, wala hakuiokota.

"Mama Tumaini, nani alikwambia mama alisema hivyo?"

"Si utani tu, dada..."

"Nakuuliza mimi! Mama amekufa analia kwamba wewe umemchoka. Ameniuliza mimi, usiku na mchana, alikukosea nini."

Kicheko kikakatika. Mama Tumaini akawa anamwangalia dada, mdomo wazi, majivu usoni. "Nimemchoka? Mimi? Dada, mimi tuta lake ninalo mpaka leo, namwagilia mpaka leo..."

Hakuna aliyetaja jina langu. Hawakuhitaji. Vichwa viligeuka kimoja kimoja mpaka uwanja mzima ukawa unaniangalia mimi. Na mimi, mjinga wa mwisho, nikafungua mdomo nikasema, "Jamani, ule ulikuwa utani!"

"Utani na mgonjwa?" mama mmoja wa jumuiya akapiga makofi. "Mtoto wa kumzaa? Hee, kikulacho!"

Mama Tumaini alifungua kile kitenge taratibu, akakikunja, akakiweka juu ya jeneza pamoja na ile mboga. Akajifuta majivu kwa kiganja. Akaja mbele yangu, akanipa mkono.

"Pole na msiba, dada."

Dada! Tangu tufahamiane hajawahi kuniita dada. Afadhali angenizaba kofi mbele ya watu wote. Akatoka, na watani wenzake wakamfuata. Tulimzika mama Madaba bila mtani hata mmoja wa kuturushia neno, na wenye mila wanajua aibu ya kaburi la namna hiyo.

Dada Gaudensia hajaukanyaga mlango wangu tangu siku hiyo. Sokoni nikifika wanaacha kuongea. Haya yote nayavumilia. Ninachoshindwa ni mume wangu. Hakunipiga, hakunitukana. Siku moja tunakula, akaweka tonge chini, akasema, "Huwa najiuliza, siku nikilala kitandani mimi, utakuwa unaniambia nini kuhusu watu." Akaendelea kula. Tangu siku hiyo simu yake haikai mbali naye, na ndugu zake wakipiga anatoka kuongelea nje.

Juzi nilijikaza nikamfuata Mama Tumaini. Nilipiga magoti palepale kwenye matope ya bustani yake, nikalia, nikaomba msamaha. Aliniacha nikalia mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Mimi nilishakusamehe, dada, nyanyuka utachafuka. Lakini mimi ulinidanganya nikiwa hai, nimeujua ukweli. Bibi sijui utamwambia vipi."

Akaendelea kumwagilia.

Wewe unayesoma hapa, una mzazi ndani, na kuna mtu anamfurahisha kuliko unavyomfurahisha wewe, jirani, mke wa kaka yako, hata mlevi wa mtaani, nakuomba umeze wivu wako kama dawa chungu na umfungulie mlango! Usijifanye mkalimani kati yao! Nenda sasa hivi ukarekebishe ulichosema, maana bado anasikia. Mimi nilikuwa na wiki nyingi za kusema neno moja tu, "Mama, nilikudanganya, anakupenda." Mama alikuwa chumba cha pili. Sikusema.