Sheria ya Atomu na Mawe ya Katanga

Binti yangu alipewa kazi shuleni hapa Fort Worth: aeleze sheria ya kwanza ya atomu ya Marekani, ile iliyotungwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia ili viwanda na siri zake zote ziwe mikononi mwa serikali. Alinisomea jikoni nikisonga fufu, ugali wetu wa mihogo. Alisoma vizuri, ila Kongo, nchi yetu, hakuitaja hata mara moja.

"Na madini ya urani ya kutengeneza hayo mabomu yalitoka wapi?" nikamuuliza.

"Haiko mu kitabu, Mama. Nikiongeza, mwalimu atanikata pointi."

Damu ilinichemka. "Yalitoka kwetu! Babu zetu waliyachimba!"

Jirani yangu wa Lubumbashi, aliyekuja kula, akacheka. "Kwenu Uvira? Mlichimba nini zaidi ya mihogo? Yale mawe ni ya kwetu Katanga."

"Basi mwambie wewe!"

Akamwambia: babu yake mwenyewe aliyabeba, wala hakuelezwa ni ya nini. Binti akaandika hilo.

Pointi zikakatwa kweli. Eti ametoka nje ya mada. Nilimfuata mwalimu na nguo zangu za kazi ya ghalani, nikamwambia bila haya: hiyo serikali ilitawala kitu ambacho watu wetu walikitoa ardhini, na mtoto wangu ataendelea kulisema hilo.