Nguzo Fupi Ukutani

Karani wa takwimu wa ofisi ya elimu huchora chati ya matokeo ya mtihani kwa mkono. Hulamba ncha ya penseli, hufumba jicho moja kama fundi ukuta, huguna, kisha huzisimamisha nguzo, moja kwa kila shule. Za mtaa wa juu hukaribia dari. Za bondeni huishia magotini. Akiulizwa alisoma wapi, huonyesha iliyo fupi kuliko zote. "Hapo. Walinipa rula baada ya kuona kichwani hamna kitu." Wenzake hucheka, naye huwashinda kwa kucheka. Wasichojua ni kwamba nguzo hiyo huirefusha kwa upana wa kidole kila mwaka, kama mjukuu anayemmegea bibi yake nyama kwa siri.

Juzi mwalimu mkuu wa shule hiyo, mama aliyemfundisha hesabu, alisimama mbele ya chati na miwani puani.

"Mwanangu, hii yetu umeizidisha."

"Mwalimu, hesabu zangu si unazijua."

"Nazijua. Ndiyo maana nimekuja na kifutio." Akaanza kufuta taratibu. "Wakubwa hugawa walimu wapya kwa kutazama ukuta huu. Kila mwaka wanatuona tumepanda kidogo, wanawapeleka kwenye shule zisizopanda."

Karani alipangusa vumbi la kifutio mkononi. Miaka sita alikuwa akijiona mtoto mwema.

"Kumbe fadhila zangu ndizo zilizowanyima walimu."

Mwalimu alimkabidhi rula.

"Haya, pima tena. Safari hii nimesimama nyuma yako."