Namba ya Mlangoni

Kabla sijaanza, niseme kwamba jina la jirani yangu halimo humu, na namba za nyumba zetu nimezibadilisha. Zamu hii nimekumbuka kuzibadilisha zote mbili.

Mie ni mtu wa nyumbani. Nilipomaliza kidato cha nne wenzangu walipanda boti kwenda kutafuta maisha Dar es Salaam. Mie nilirudi kijijini kwetu, upande wa Salale, nikaketi kwenye mkeka wa mama, na mpaka leo sijapata sababu nzuri ya kuinuka. Boti inanitapisha. Gari nalo linanitapisha, ila gari angalau ukiomba linasimama. Watu wakaniita mwali, kwa maana mwali ana siku yake ya kutolewa nje, na yangu walikuwa bado wanaingoja.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa kwa kila mtu. Wanunuzi wa kamba walikuja na majenereta na barafu zao, mitumba ikamwagwa gatini, na kaka yangu aliyekuwa akiuza viatu Kariakoo akaniletea simu ya mkononi, nzito, yenye kipembe juu. Kijiji kizima mtandao ulishika mahali pamoja tu: kwenye nguzo ya jiko letu, usawa wa bega langu. Wengine walisema unatoka Kibiti, wengine walisema unavuka maji kutoka Mafia. Sikujali. Nilifunga kikapu cha ukindu kwenye ile nguzo, simu ikakaa humo kama yai.

Ikawa simu ya kijiji. Ujumbe ulipoingia niliungojea wakati wake, na baada ya Alasiri, watu wakiwa wamejaa uani kwetu, niliusoma kwa sauti. "Shemeji yako anasema Idi hii haji." "Mzigo umefika, mpokeeni kesho maji yakijaa." Niliwasomea wote, na hakuna aliyeitwa pembeni. Kwetu ukimwita mtu pembeni, kabla hajarudi kwenye mkeka watu wameshampa mimba, kesi au ugonjwa. Kusoma mbele za watu ndiko kulikokuwa heshima.

Halafu ukaja mradi.

Mradi wa utafiti wa afya, na vijana waliovaa mabuti na kofia. Kwanza walipigilia kibao cha bati chenye namba juu ya kila mlango. Kisha wakarudi na kompyuta ndogo za kushika kiganjani, wanaandika humo kwa kijiti kama wanaochokonoa meno. Wakauliza nani kazaliwa, nani kafa, nani anakohoa. Waliokohoa walipewa vikopo vya kutemea makohozi. Aliyekuja kwetu alinisomea karatasi nzima, bila kupumua.

"Taarifa zako ni siri," akamaliza. "Hatuandiki jina la mtu. Tunaandika namba."

"Namba ipi?"

"Ya nyumba yako. Hiyo ya mlangoni."

Nikamtazama nikidhani anatania. Hakuwa akitania. "Kaka, hiyo imekaa juu ya mlango wangu. Hata mbuzi wanaijua."

"Dada, mimi nasoma kilichoandikwa. Namba ya simu?"

Nikampa yangu. Akashusha pumzi, akaniambia nyumba zote alizotoka wamempa hiyohiyo. Mashine, ati, haikubali kwenda swali linalofuata bila namba ya simu, na maji yalikuwa yanapwa, boti yake itakwama kwenye matope. Basi kila aliyeulizwa simu alionyesha kidole jikoni kwetu, na yeye akaandika. Kijiji kizima, namba moja. Nikamwambia wakubwa zake watalia. Akasema wakubwa zake wanataka fomu zilizojaa.

Sasa jirani yangu. Nyumba yetu ilikuwa mia moja kumi na nne, yake mia moja kumi na tano, na katikati ukuta wa makuti. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja, na alikuwa na bata. Bata wake waliingia kwenye miche yangu ya mpunga wakaimaliza, nami niliwamwagia maji ya moto. Tangu hapo hatukusalimiana, mwaka wa pili huo. Nikiwa na neno naye nilimwambia kuku wangu kwa sauti, naye akijibu alijibu kwa bata. "Bata wangu," atasema, "msiende upande ule, kuna mtu amesoma mpaka kidato cha nne kuja kuchochea moto." Nami: "Kuku wangu, mwambieni mwenye bata ukuta wa makuti haukuwekwa kwa ajili ya urembo." Tulikuwa wazuri sana katika kazi hiyo. Watu walikuja kusikiliza.

Mwezi ule alikuwa anamwoza binti yake kwa watu wa Mbwera, watu wa kujisikia, wanaouliza ukoo wako mpaka wafike kaburini. Harusi ilibaki wiki mbili. Siku hiyo baada ya Alasiri uani kwetu, maana ndio ua mpana na ugomvi hauzuii harusi, kulijaa wanawake waliokuja kuchambua mchele wa harusi, na dada wa bwana harusi akiwa katikati yao. Simu ikalia. Nikaichomoa kikapuni nikaanza kusoma kama siku zote, kwa ile sauti yangu ya redioni ambayo leo naionea haya:

"Ndugu mshiriki wa nyumba namba mia moja kumi na..."

Macho yalikuwa yameshautangulia mdomo. Makohozi yamekutwa na kifua kikuu. Fika Kibiti Ijumaa uanze dawa, uje na wote unaolala nao nyumba moja. Na namba ilikuwa mia moja kumi na tano.

Wanawake walikuwa wameacha kupepeta. Wifi mtarajiwa alikuwa ameinua uso. Ningesema nimekosea kusoma? Sijawahi kukosea, nilikuwa najivuna kwa hilo. "Mia moja kumi na" nilikuwa nimeshaitamka, nilichobakiza ni tarakimu ya mwisho. Kumi na tatu ni kwa imamu. Kumi na sita kuna mama mwenye kichanga. Tisa walikuwa wameshahama, angejua kila mtu. Sitaki mtu aseme nilikuwa na moyo mwema. Nilikuwa na pumzi moja tu, na namba iliyokuwa karibu na ulimi ni ile niliyopita chini yake kila siku.

"...nne," nikasema, nikasoma mpaka mwisho.

Mmoja akasogeza ungo wake. Kisha wa pili. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Nne si sisi?"

"Ni sisi, mama."

"Wewe una kifua tangu lini? Mbona unakula kama mchukuzi?"

Kabla ya Magharibi kitanda changu kilikuwa kimehamishiwa jikoni, na mama ameshawaambia nyumba saba kwamba alihisi tangu zamani. Hata kicheko changu, ati, kilikuwa kikavu.

Asubuhi jirani alikuwa ukutani mapema, amefurahi kama mtu aliyeota dhahabu. Alikuwa na kikohozi chake palepale, cha miezi, kile alichokiita cha vumbi.

"Bata wangu!" akaita. "Leo msivuke! Upande ule kuna kifua! Elimu imepanda imefika mapafuni!" Akacheka, akakohoa, akacheka.

Nilikuwa nimelala jikoni na majivu puani. Sikuwa na hamu ya kuku. Nilichomoa simu, nikaenda moja kwa moja ukutani, nikapanua makuti, nikaipitisha mkono mzima upande wake. Hapo mtandao haushiki, lakini ujumbe ukishaingia umeingia.

"Ondoa uchafu wako," akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu bila kupitia kwa bata.

"Tazama."

"Sijui kusoma, unanikebehi?"

"Namba unaijua."

Alijua. Herufi hakujifunza, lakini kile kibao alikiangalia kila alipofungua mlango, na karani wa mradi alimfundisha kukitaja. Alitazama kioo, akageuka akatazama mlango wake, akarudi kwenye kioo. Kikohozi kikamjia akakibana kwa upande wa khanga mpaka macho yakatoa machozi.

"Nani kaona?"

"Mie na kikapu."

"Inasema nini?"

Nikamwambia. Ijumaa, Kibiti, dawa. "Na binti yako, mnalala chumba kimoja."

"Harusi ni..."

"Najua harusi ni lini, nimechambua mchele wake. Usipokwenda utamwoza na kifua. Ukienda peke yako harusi ikiwa karibu hivi watauliza unaenda wapi."

Akanirudishia simu. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya kawaida, ya shari: "Nitasema nakwenda kununua vyombo. Na wewe itabidi uende. Ushasema ni wewe, usipokwenda watashtuka."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Mie, na boti.

Ijumaa nilikaa nyuma kabisa, karibu na injini, peke yangu, mahali ambapo upepo ungepeleka pumzi zangu baharini. Waliopanga hivyo ni abiria, na aliyepaza sauti kuliko wote ni jirani yangu. "Mgonjwa akae nyuma, jamani, tuna mwali humu!" Mwali ni binti yake. Mie nilikuwa natapika ubavuni, nikiwathibitishia wote kwamba hali yangu ni mbaya. Kisha gari mpaka Kibiti, natapika tena. Wao waliingia kliniki kwa mlango wa nyuma. Mie nilikaa barazani kwa muuza soda mpaka jioni, nikiwa mzima kama ng'ombe.

Binti alipimwa akaonekana salama. Mama yake akapewa dawa za mwezi, akazificha ndani ya birika jipya la harusi. Na kwa kuwa dawa zilikuwa za kufuatwa kila mwezi, kila mwezi tulisafiri wawili, yeye na visingizio vyake, mie na ndoo yangu. Miezi minane. Mie, mtu ambaye hakupata kwenda hata kijiji cha Chumbi kuangalia mpira.

Harusini nilikwenda, maana kutokwenda kungekuwa neno jingine. Nilipofika kwenye mkeka wa wanawake wakaniachia nafasi ya kutosha kulaza ngalawa. Jirani yangu mwenyewe akaja ameshika kikombe cha bati kilichofungwa uzi mwekundu, akakiweka mbele yangu, watu wote wakiona.

"Hiki chako," akasema. "Usichanganye na vya wenzako. Tunakupenda, lakini tuna watoto."

Nikamtazama. Alikuwa amemeza vidonge asubuhi ile, mie ndiye niliyemhesabia kupitia makuti. Simu ilikuwa kiunoni mwangu, ujumbe ukiwa humo bado. Sikuufuta kwa sababu sikumwamini. Ningesimama nikasoma kwa sauti ile ya redioni, mistari mitatu, na watu wa Mbwera wangeondoka na bwana harusi wao kabla pilau haijapoa. Nilitaka hivyo. Niliutaka ule ukimya utakaofuata kuliko nilivyotaka pilau.

Binti alipita, amepambwa hina mpaka viwiko, akainama kunipa mkono. Wenzake wakamvuta. Akautoa tena, akanishika.

Nikanywa chai kwenye kikombe changu chenye uzi. Ilikuwa imepoa.

Msimu mpya wa kuotesha mpunga ulipofika, yule kijana wa mradi akarudi na kompyuta yake. Wakati huo jirani alikuwa amemaliza dawa na kunenepa, na watu walikuwa wakinipongeza mie kwa kupona. Kijana alikaa kwenye mkeka wetu akaanza kuuliza, na ng'ambo ya ukuta nikasikia ufagio umesimama.

"Tangu tulipokuja mara ya mwisho, kuna mtu nyumba hii aliyeugua kifua kikuu?"

Mama alikuwa pale. Wanawake wawili walikuwa pale, wanangoja ujumbe wao.

"Yupo," nikasema. "Mie."

Akagonga kwa kijiti. Akakunja uso. Akagonga tena. "Dada, mashine inasema hapana. Nyumba hii hakuna. Inaonyesha ni nyumba ya..."

"Kaka!"

Nilipiga kelele mpaka kuku wakaruka. Akafunga mdomo. Kule ukutani hapakuwa na sauti, hata ya bata.

"Ulinisomea karatasi hapa. Ulisema siri."

"Ndiyo, lakini taarifa lazima ziwe sahihi. Huu ni utafiti."

"Siku ile mashine yako ilikubali kijiji kizima kina simu moja. Leo haikubali kifua changu? Andika."

"Haikubali, dada."

"Basi kaeni hapo, wewe na mashine yako, mpaka ikubali. Maji yanapwa."

Aliangalia mkondo. Aliangalia matope yaliyoanza kuchungulia chini ya boti yake. Akachokonoa kile kioo kwa muda mrefu, hapa na pale, mpaka akapata tundu la kupita, akaniandika. Kwa hiyo mahali fulani, kwenye mitambo ya watu nisiowajua, mie nimeugua kifua kikuu na kupona, na kuna nyumba mbili zilizougua badala ya moja. Kama kuna mtu anayetegemea hesabu ile, pole yake.

Ufagio ukaanza tena, polepole.

Kesho yake bata waliingia kwenye miche yangu. Nilisikia wakitafuna, nikasikia pia kwamba mwenyewe amesimama nyuma ya makuti, anangoja aone nitafanya nini. Nikachota maji nikawamwagia.

Ya baridi.