Dirisha la Wete Lililofungwa Croydon

Niliondoka Wete, kwetu Pemba, nimekasirika, na nimerudi nimekasirika zaidi. Mimi ni ofisa wa ustawi wa jamii, na kazi yangu ni dirisha la pensheni ya wazee. Kila mwezi wazee wetu huja wenyewe, hukaa barazani, hutaniana na kuteta wakwe zao, na mmoja akikosekana wenzake hawanyamazi: "Bi Asha yuko wapi leo?" Kabla ya adhuhuri mtu ameshatumwa kwake. Hivyo ndivyo tunavyojua nani ameanguka, nani hajala, nani anafungiwa ndani na wanawe. Sasa wakubwa wetu Unguja walitangaza kwamba dirisha litafungwa na kila mzee atajihudumia kwa simu, kama wanavyofanya Uingereza. Walipokwisha kutangaza ndipo walipokumbuka kwamba hakuna aliyekwenda Uingereza kutazama. Tukachaguliwa mimi na mkurugenzi wetu, Bwana Khatib.

Uwanja wa ndege wa Unguja, tukingoja kuitwa, Bwana Khatib alinipa wosia wake.

"Kule usibishe. Tunakwenda kujifunza, hatwendi kufundisha."

"Na tukikuta jambo lenyewe halifai?"

"Halifai vipi na sisi tumeshatangaza?"

London ilitupokea kwa mvua nyembamba isiyojua kuanza wala kwisha. Bwana Khatib akaelekea hotelini, mimi nikapanda treni hadi Ilford kwa Ami Seif, mdogo wake baba, aliyeondoka Pemba kijana baada ya Mapinduzi na hakurudi tena kuishi. Nilimkuta sebuleni kwake amevaa koti na kofia ya sufu, simu iko sikioni, na ndani ya simu unalia muziki.

"Nangoja council, hawa wa manispaa," aliniambia baada ya salamu. "Boiler imekufa, nyumba nzima baridi. Naambiwa ningoje tu."

"Si uende ofisini kwao, Ami?"

"Ofisi gani, mwanangu? Counter walishaifunga zamani. Ukenda mlangoni unaambiwa go online. Mimi hiyo online naijulia wapi?"

Bintiye, Salma, alipita na mkoba begani akiwahi kazini. Kiswahili anakisikia, ila hujibu kwa lugha ya kwao. "Dad, I told you, I'll do it after work!"

"Haya, after work. Na mimi nigande mpaka hiyo after work."

Nilicheka, lakini Ami hakucheka. Alinieleza kwamba kwenye ile counter, dirisha lao la zamani, alikuwapo mama mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Mombasa. Ukipita muda Ami hajaonekana, siku akitokea mama yule humwuliza kwa Kiswahili alikuwa wapi, anaumwa nini. "Sasa nikifa humu ndani, Salma akiwa safarini, watakaojua ni majirani, kwa harufu," alisema. Chai niliyopewa ilipoa mkononi.

Croydon, kusini mwa London, asubuhi iliyofuata, tulipandishwa ghorofa za juu za jengo la vioo, kwenye kampuni ya washauri wanaouza mpango huu kwa serikali mbalimbali. Bwana mmoja mchangamfu akatuonyesha picha za kompyuta ukutani. Nikamwuliza: mzee asiyejua simu aende wapi?

"Familia yake itamsaidia," alijibu.

"Na asiye na familia?"

"Swali zuri sana," akasema, kisha akabonyeza picha inayofuata.

Picha yenyewe ilikuwa ya nchi zilizofanikiwa. Katikati yao niliiona bendera yetu. Zanzibar: madirisha yote yamefungwa, wazee wameridhika. Chini yake zimeandikwa nchi nyingine zilizoamua kutufuata sisi. Nikauliza habari hizi zimetoka wapi, nikajibiwa kwa adabu kubwa kwamba zimetoka kwenye tangazo la serikali yetu wenyewe.

"Lakini dirisha liko wazi!" nilisema. "Nimelifungua kwa mkono wangu kabla ya kuja huku!"

Chini ya meza, Bwana Khatib akanikanyaga mguu.

Ndani ya tramu alinigeukia. "Umenifedhehesha mbele ya watu."

"Sisi tunaiga kwa sababu London imefanya. Hao wengine wanaiga kwa sababu eti sisi tumefanya. Nani kati yetu aliyewauliza wazee?"

"Wewe unasema kwa sababu tangazo hukulisoma wewe hadharani," alisema taratibu. "Nimelisoma mimi. Nikirudi nikasema tumekosea, nitabaki kazini?" Nilimwonea huruma, nisiseme uongo, lakini hasira haikupungua hata chembe.

Ilford, siku ya kuondoka, boiler ilikuwa bado haijatengenezwa. Salma amekesha na tovuti ya council, amepewa miadi, fundi hakutokea. Ami alinisindikiza hadi mlangoni na koti lake. "Waambie wakubwa wenu wasitufate," alisema. "Sisi huku tumeshazoea kuganda."

Wete nimerudi na somo nisilolitarajia. Nilidhani serikali huigana kwa kile kilichowafaa watu. Kumbe huigana kwa matangazo, na tangazo halisikii baridi wala njaa. Nimeyaandika hayo kwenye ripoti yangu bila kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, na Bwana Khatib amekataa kuitia saini.

Juzi akanipigia simu. Wageni wanakuja kutoka nchi mojawapo ya zile za kwenye picha, wanataka kuona tulivyofunga. Akataka niwaambie wazee wasitoke majumbani siku hiyo, ili baraza iwe tupu.

"Sitawaambia," nilisema.

"Unajua hilo litakugharimu kazi yako?"

"Najua. Walete wageni siku ya malipo."

Akakata simu. Kama mwezi ujao nitakuwapo dirishani, sijui. Jana nimepita nyumba kwa nyumba kuwaambia wazee siku ya wageni waje wote, na asiyeweza kutembea abebwe.