Ndoo Juu ya Shimo

Tangu saa tatu asubuhi Verner Kofoed alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa katikati ya shamba la Ejvind, na waliopita na mbwa wao walidhani mzee amechoka. Hakuwa amechoka hata kidogo. Pale alipoiweka ndoo hiyo, mashine yake ya kutambua metali ilikuwa imelia. Alichimba kidogo tu, akaona sarafu nne nyembamba za fedha na ukingo wa chungu, akarudishia udongo. Kisha alimpigia simu Signe wa makumbusho, akakaa.

Hapo ndipo alipokumbuka ya zamani. Miaka kumi na moja nyuma, alipostaafu kazi ya kukausha samaki kwa moshi, aliwahi kupata chungu kingine. Siku ile alikifukua kwa mikono miwili kama anayevuna viazi, akazisugua sarafu kwenye sinki kwa mswaki wa mkewe, akazipeleka makumbusho zikimetameta. Alitegemea pongezi. Signe alimuuliza tu zilikuwa zimekaaje mle chunguni, naye hakuwa ameangalia. Hakukaripiwa, na hilo ndilo lililomkaa moyoni miaka yote.

Signe alisema angefika saa sita, na Ejvind akakubali kutoanza kupanda kabla ya hapo. Saa sita ikapita. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa bahari, na trekta la Ejvind lilikuwa likipanda shayiri, kila likirudi limemsogelea mita tatu. Verner alihesabu mizunguko iliyobaki: minane, kisha saba. Mkojo ulimbana. Mkate wake wa samaki ulibaki mfukoni.

Ilipobaki miwili, Ejvind alisimamisha trekta.

"Mzee, mvua hiyo inakuja. Si uzizoe tu kwenye ndoo tumalize? Huyo mama atazipanga mezani kwake, tena kwenye joto."

"Nilishazoa mara moja, Ejvind."

"Na mimi nikipita?"

"Pita. Ila utaanza na mimi."

Ejvind alimtazama, akailaani mvua, akageuza usukani. Akamzunguka, akaacha kipande kisichopandwa, ukubwa wa meza ya jikoni.

Signe alifika mvua imeshaanza, maana gari lake lilikuwa limepata pancha njiani. Alipiga magoti kwenye tope, akaanza kuondoa udongo kwa brashi ndogo, huku Verner ameshika mwavuli wa Signe. Mbali na zile nne za juu, sarafu hazikuwa zimemwagwa ovyo. Zilikuwa zimefungwa mle chunguni ndani ya kitambaa kilichogeuka kijani kwa kutu ya shaba iliyochanganywa na fedha, na juu yake palikuwa na fundo. Mtu alilikaza mara mbili, kama anayetegemea kurudi.

Verner alilitazama mpaka macho yakamuuma.

"Signe, na kile changu? Kilikuwa na fundo?"

Signe hakuinua kichwa. "Sijui, Verner. Hatutajua tena."

Akausogeza mwavuli uwafunike Signe na lile fundo, yeye akabaki kwenye mvua.