Shangazi Alipotoka Chumbani

Wakili huyu, mama wa makamo mwenye sauti ya kukata, hakuwa akimwogopa jaji wala mteja mwenye hasira, lakini kaka yake alipopiga simu jioni ile, aliogopa. Kaka mtu ni fundi ujenzi, amemsomesha mwanawe kwa jasho lake, na sasa kijana ameomba nafasi ya mafunzo ya uwakili kwenye kampuni hiyo hiyo ya shangazi yake. Na shangazi yumo kwenye jopo la usaili.

"Kampuni mbili zimeshamkataa," kaka alisema. "Kote huko waliingia watoto wenye watu wao. Safari hii na yeye ana mtu. Usiniangushe, dada."

Jamani, hapo utajibu nini? Kumkatalia ni kuvunja undugu. Kumkubalia ni kumfanyia mtoto wa mwenzio kile kile alichofanyiwa wa kwenu. Alisema atafikiria, akakata simu, usingizi ukampaa.

Utaratibu wa pale ni kwamba mjumbe akiona ndugu yake anaingia, anatoka nje. Wote waliusifu. Asubuhi ya usaili, mswaki ukiwa mdomoni, ndipo alipouona ubovu wake. Akitoka tu kijana anapoingia, si ndiyo amemtangaza? Jina analotumia kazini ni la mumewe, hakuna ambaye angejua. Lakini wenzake wanamheshimu mno, na huko kutoka kwenyewe kungekuwa kumpigia debe kijana.

Basi kabla hajaingia hata mwombaji mmoja, alisimama.

"Mmoja wao ni ndugu yangu. Sisemi ni yupi. Natoka siku nzima."

"Basi tutawapendelea wote," alitania mwenyekiti wa jopo, mzee asiyeweza kukaa bila utani.

Akaenda kujifungia na mafaili yake chumba cha pili. Uongo mbaya, hakusoma kitu. Ukurasa mmoja aliurudia mpaka akauchukia. Kila mlango ulipolia, aliinua kichwa. Alijiona amemuuza mtoto wa kaka yake ili yeye aonekane mwema.

Alasiri mwenyekiti akaja na uso wa msibani.

"Pole, dada. Yule binti yako mrefu hatukumchukua. Tulipomaliza tukaanza kubahatisha nani wako, wote tukasema ni yeye. Mmefanana pua."

"Alama mlifunga kabla ya kubahatisha?"

"Tulifunga na sahihi tukatia."

"Waliopita ni kina nani?"

Akawataja. Wa pili alikuwa mtoto wa kaka yake.

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, mzee wa watu akidhani amechanganyikiwa, na alipoambiwa ukweli alijishika kichwa.

Akampigia kaka yake. "Amepata."

"Nilijua tu hutaniangusha. Mungu akuzidishie, umemshika mkono mwanao."

"Sikumshika, kaka. Sikuwemo chumbani. Hawakujua hata kama ni wangu."

"Kwa hiyo hakuna aliyemsaidia?"

"Hakuna. Ameingia mwenyewe."

Akamsikia anavuta kamasi, mwanamume mzima.

"Ngoja nimwite mama yake," alisema. "Umwambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."