Mashine ya Nyasi Chini ya Dirisha la Mama Mkwe

Jumamosi ile niliamua kukata nyasi kwa sababu ndiyo kazi pekee niliyoiweza. Ndani ya nyumba mambo yalikuwa yamenishinda. Mama mkwe wangu alikuwa ameshafunga begi lake na kuliweka kando ya mlango. Jumatatu anarudi Kabeza, alisema, kwenye chumba chake cha kupanga chenye ngazi zile zile zilizomwangusha. Mke wangu alikuwa jikoni akikata karoti huku anafuta macho, na alipoona nimemwona akasingizia kitunguu. Kitunguu hakikuwepo.

Mama alikuwa amekaa nasi hapa Gahanga, pembeni mwa Kigali, wiki sita, tangu avunjike mguu. Mguu ulipona. Kilichotushinda ni adabu yake. Chakula? Kitamu. Kitanda? Kizuri. Umelalaje, mama? "Niko sawa, asante." Alikaa kwenye kiti kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Na mimi sikuwa na msaada wowote, maana katika malezi yetu mama mkwe na mkwe wa kiume huheshimiana kwa mbali. Hata kochi moja hatukalii. Akitaka kitu kwangu humtuma binti yake, nami vivyo hivyo. Niliwahi kumtuma mke wangu amwambie kwamba nyumba hii ni yake. Jibu likarudi kwa njia ile ile: mwambie asante.

Basi nikaivuta mashine kutoka chini ya dirisha la chumba chake, pale ninapoiweka isinyeshewe. Nilivuta kamba mara moja ikawaka, nikajisifu. Nilipokata mistari minne, ikaanza vituko: mngurumo unapanda, unashuka, unapanda, unashuka, kisha kimya. Nikafungua kifuniko cha tangi. Petroli ipo. Nikafunga, nikavuta kamba, ikawaka vizuri kabisa. Mistari minne tena, vituko vile vile.

Mimi hasira zangu huwa naziweka kwa vitu visivyo na masikio. Niliitukana ile mashine kwa Kiswahili cha Karagwe, nilikokulia, matusi ambayo hapa Kigali hayana wa kuyaelewa. Nikatoa plagi, nikaisugua. Nikatoa filta ya hewa, nikaikung'uta. Nikafungua kabureta na kuipuliza kwa mdomo mpaka ulimi ukafa ganzi. Kila ilipozimika nilifungua kifuniko kutazama petroli, na kila nilipofungua, ikawaka vizuri baadaye. Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi niliona kabureta inaanza kunitii.

Mara ya tano au ya sita, wakati nafungua, nikasikia "fyuu", tangi likivuta hewa kwa uchu. Nikaganda. Nikaiwasha kifuniko kikiwa mkononi mwangu, nayo ikanguruma moja kwa moja, bila kupanda wala kushuka. Ndipo nikakigeuza kifuniko. Huwa kina tundu dogo la kupitisha hewa, ili petroli ikipungua, hewa ichukue nafasi yake. Bila hivyo tangi hubana na injini hukosa mafuta. Tundu lilikuwa limezibwa kwa sabuni ya kufulia. Limezibwa kwa ustadi, na alama ya kidole gumba juu yake.

Sikuwa na haja ya kuuliza gumba la nani. Mama alikulia Burundi na akaolewa na dereva wa lori huko huko, na alishawahi kusimulia mezani jinsi madereva walivyoziba tangi linalovuja kwa kipande cha sabuni, kwa kuwa petroli haiiyeyushi. Nikainua macho. Dirisha lake lilikuwa juu tu ya mahali mashine inapokaa. Wiki sita mama wa watu amelala akinusa petroli yangu, na kila asubuhi yuko sawa, asante. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nikasogea dirishani. Alikuwa amekaa kitandani anashona kifungo cha sweta.

"Mama," nikasema mwenyewe, bila kumtuma mtu. "Naomba sindano."

Alikitazama kifuniko mkononi mwangu, akainamisha kichwa.

"Ni mimi," akasema. "Harufu iko inaingia. Nikaona hapo iko katundu, nikaziba kidogo. Mashine imekufa?"

"Haijafa. Ilikosa hewa tu. Mbona hukuniambia?"

"Nimwambie mukwe nini? Ati kwako kunanuka?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Oya. Ntibibaho." Yaani hapana, jambo hilo halipo duniani.

Sikuwahi kuongea naye maneno mengi kiasi hicho. Lakini nilishaanza. "Mama, mama yangu nilimzika Karagwe kabla hatujarudi Rwanda. Sina mtu mwingine wa kunigombeza. Usiende Jumatatu. Kaa hapa, ulalamike."

Alinipitishia sindano kati ya vyuma vya dirisha, uzi mweusi bado umo.

Nilizibua tundu, nikafunga kifuniko, nikavuta kamba. Mashine ikaenda kama mpya. Nilikata kwenda na kurudi bila kuthubutu kutazama dirishani, nikijiambia kwamba nikimaliza nitaihamishia nyuma ya tangi la maji, mbali na pua ya mtu yeyote. Nilikuwa nimefika kwenye ua wa jirani niliposikia naitwa. Nikazima.

"Mukwe!" Alikuwa amesimama, ameshika vyuma vya dirisha kwa mikono miwili. Mke wangu naye alikuwa ametoka jikoni, kisu mkononi.

"Ndiyo, mama."

"Pale kwa kona umeacha nyasi. Na hii mashine usiwashe mchana nikilala. Na ile mto iko juu sana, shingo iko inauma tangu nimekuja hapa!"

Mke wangu alikaa pale pale kizingitini, akaanza kucheka huku analia.

Mimi nilirudi kwenye ile kona. Nyasi zilikuwa zimekatwa vizuri tu. Nikazikata tena.